Kozi Aliyeshiba

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Huku hatujambo, ukiacha magoti ya mama ambayo siku hizi yanatabiri mvua kuliko redio. Dada yako anakusalimu sana na anauliza kama bado unakula ukiwa umesimama. Mkazamjomba mwambie ile sweta aliyonifumia imenibana kifuani, lakini naivaa hivyo hivyo.

Naandika kwa sababu kukupigia simu ni kazi bure. Mara ya mwisho nilikwambia nimepandishwa daraja, ukaniuliza nimelazwa wodi gani. Ndege za huko uwanjani kwenu zimekumaliza masikio.

Sasa nisome vizuri. Unajua kila Jumamosi hapa bustani ya wanyama namkimbiza Bibi Harusi mbele ya wageni. (Mkazamjomba, huyo ni duma wetu jike. Tulimpa jina hilo kwa kuwa hatoki ndani hadi watu wachoke kusubiri.) Kitambaa kinavutwa na kamba ya mota kuzunguka uwanja, yeye anakifukuza, nami nasimama na kipaza sauti nawaeleza watu. Wiki iliyopita nikasema kama kawaida yangu kwamba hakuna kiumbe anayemshinda kwa kasi. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, akainua mkono akauliza, na kozi je, yule ndege mwindaji? Mjomba, mimi niliyekata nyama ya kumlisha kozi wako kabla sijajua kusoma, nikamjibu eti kozi hana mbio, anaanguka tu, na hata jiwe linaanguka. Watu wakaangua kicheko. Yule mama akakaa chini taratibu, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Niliona haya, na ili niifunike ile haya nikapayuka: mjomba wangu ana kozi anayefukuza ndege kwenye uwanja wa ndege, nitamleta hapa tuone nani mwenye mbio.

Kumbe mkurugenzi alikuwa nyuma yangu. Amelipenda wazo. Amepanga Jumamosi ya mwisho ya Aprili, na amenidokeza kwamba mambo yakienda sawa, nafasi ya msimamizi wa paka wakubwa ni yangu. Miaka yote hii nafagia vizimba, Mjomba. Njoo na kozi wako Karani, tafadhali.

Ila nina maombi mawili, usinune. Usivae lile koti lenye mavi ya ndege begani. Na ukizungumza jaribu kushusha sauti, maana wakubwa wa huku huongea kama wanaogopa kuamsha mtoto.

Mpwa wako

17 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, ukue hadi sweta ipasuke. Mkazamjomba amecheka, kisha akaanza kufuma nyingine, basi ole wako. Dada yangu mwambie sili tena nimesimama. Siku hizi nakula nikitembea, ndiyo maendeleo.

Masikio ni kweli yamekwenda na wenyewe. Lakini mtu hanyimwi vyote. Yule bwana anayeongoza ndege kule mnarani siku hizi namsoma midomo kupitia kioo. Najua anavyomsengenya mkubwa wake, na najua hata wimbo anaouimba akiwa peke yake. Ni wimbo wa mapenzi, na mwenyewe ana sura ya kodi.

Sasa hilo la jiwe. Umenivunjia heshima mimi, Karani, na jiwe lenyewe. Jiwe linaanguka, sawa, lakini jiwe halikati kona, wala halijui njiwa atapitia wapi kabla njiwa mwenyewe hajaamua. Karani akikunja mabawa huko juu, duma wako ataonekana kama mtu anayesukuma toroli. Simkatai Bibi Harusi, ni hodari. Lakini mbio zake ni za pumzi moja. Akishakamata, anahema hata kula hawezi, na fisi akitokea anajichukulia nyama kama ameagiziwa. Karani akikamata anakaa juu ya kitoweo na kukutazama kama umechelewa kuleta stakabadhi. Ndiyo maana tukamwita Karani.

Kwa jambo moja wamefanana. Angalia nyuso zao. Wote wawili wana mstari mweusi unaoshuka kutoka jichoni. Wataalamu wanasema ni wa kukinga mwanga wa jua. Mimi naona ni kama watoto waliolia wakasahau kunawa.

Nitakuja. Koti nitaazima la jirani, fundi cherehani, ingawa yeye ni mnene na mimi unanijua. Sauti nitaishusha, ila sitajua imefikia wapi kwa kuwa mwenyewe siisikii, kwa hiyo nipe ishara. Karani namtunza. Kila asubuhi namweka kwenye mizani kabla ya kumrusha, kama ulivyokuwa ukiniona nikifanya. Akizidi uzito, siku hiyo haruki, maana kozi aliyeshiba harudi.

Nimeweka picha yake humu, uwaonyeshe wakubwa zako.

Mjomba

1 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako mama ameisoma hadi imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Hapo kwenye sura ya kodi alicheka akakohoa. Ameshaamua utakula nini na utalala wapi siku hiyo, na ameniondoa kitandani kwangu bila kuniuliza.

Mkurugenzi amebandika matangazo hadi kituo cha mabasi, duma upande mmoja, kozi upande wa pili. Nikipita pale natembea polepole.

Kuna jambo dogo tu. Picha ya Karani niliipeleka ofisini. Mkurugenzi akaishika mbali na uso, akauliza kama ndege anaumwa. Mhasibu akasema anafanana na kuku aliyenyeshewa. Wakacheka, nami nikacheka nao. Nilipotoka nje nikaona aibu, sijui ya kucheka au ya picha yenyewe.

Najua habari za mizani yako, Mjomba, usinifundishe upya. Lakini si unaweza kumwongezea nyama kidogo, kifua kijae, manyoya yang'ae? Ni kwa ajili ya siku moja tu. Watu wa huku hutazama kwanza, kasi wanaiuliza baadaye.

Mpwa wako anayekutegemea

4 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Samahani nimechelewa kujibu. Bati la jikoni liling'oka na upepo, tukahangaika nalo. Mkazamjomba alikuwa na kifua, sasa nafuu. Mvua zimeanza na njia ya kurukia ndege imejaa madimbwi, basi korongo wamehamia hapo kama wamepewa hati.

Kuhusu Karani, tutaona. Msimu huu si mzuri kwa ndege wa aina yake. Nimekuwa nikifikiri, je, si afadhali Bibi Harusi akimbie peke yake mwaka huu? Watu wanamjia yeye. Wewe ni mwongeaji mzuri, huhitaji mtu mwingine pale.

Msalimu dada yangu. Mwambie asijisumbue sana na mapishi.

Mjomba

10 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikidhani kuna ukurasa uliobaki kwenye bahasha. Nimeikung'uta. Hakuna.

Matangazo yako ukutani. Nafasi yangu inakwenda kuamuliwa mbele ya watu, nawe unaniandikia habari za bati. Kama Karani anaumwa, sema anaumwa. Kama unaogopa duma atamtia aibu, sema pia, ni haki yako. Lakini mtu mzima haahidi kisha akaanza kusimulia madimbwi.

Niseme ukweli? Nadhani umezoea kuwa bingwa mahali ambapo hakuna anayekutazama. Hapa watu wangekutazama, ndiyo maana umeingiwa na baridi. Ukiwa huji, usije. Nitajua la kuwaambia.

Mama hajui kama nimeandika hivi. Yeye bado anafua mashuka.

Mpwa wako

4 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Kwanza pokea samahani yangu, sikufika ile Jumamosi. Basi liliharibika njiani, tukashushwa sote, na hadi lilipotengenezwa jua lilikuwa limeshakwenda. Nikaona nirudi tu. Dada yangu mwambie chakula chake nimekikosa kwa bahati mbaya, na mashuka asiyakunje kwa hasira.

Na hata ningefika, ningefika mikono mitupu, na hilo ndilo lililonishinda kukuandikia mwezi wa nne. Karani ameondoka. Mwezi wa tatu nilianza kumwongezea nyama. Lilikuwa wazo langu mwenyewe, sijui shetani gani alinipitia, nilitaka apendeze. Asubuhi moja mizani ikaniambia amezidi, nami nikaiambia mizani inyamaze. Nikamrusha. Akapanda vizuri sana, sijawahi kumwona amepanda vile. Nikazungusha chambo cha nyama kwenye kamba, nikapiga filimbi. Akatua juu ya paa la mnara, akanitazama, akajikuna shingo, kisha akaondoka zake bila haraka. Hakuwa na sababu ya kurudi. Kozi hajawahi kunipenda, mpwa wangu, alikuwa ananirudia kwa njaa, na njaa nilikuwa nimeshamtoa.

Nilishinda uwanjani natazama juu hadi shingo ikakakamaa. Umri huu wote nawafundisha wenzangu wasilishe kabla ya kurusha, kisha mimi ndiye nikalisha. Wenzangu hawakunisema. Afadhali wangenisema.

Sasa hapa kazini wameleta mtambo unaolipuka bumu kila mara kuwatisha ndege. Korongo wameuzoea, wanatua juu yake. Mimi nimepewa kazi ya getini. Siyo mbaya. Nimejifunza jinsi ilivyo vigumu kuamua nani aingie na nani abaki nje, kwa hiyo simlaumu mlinzi yeyote.

Hongera kwa usimamizi. Lile beji linakukaa vizuri. Ila ile kona ya pili, pale karibu na tangi la maji, Bibi Harusi anateleza. Mwambieni fundi aongeze mchanga kabla hajavunjika mguu.

Mjomba

20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Magoti ya mama yanaendelea vizuri. Mimi siendelei vizuri.

Barua yako nimekaa nayo muda mrefu. Nilikuwa naiweka chini ya godoro, naitoa, nairudisha. Umenifungulia mlango wa nyuma ili nitoke bila kuonekana, na nilikaribia kuutumia. Nilishaanza kuandika "pole kwa basi". Nikaona mkono wangu unaandika, nikauchukia.

Basi halikuharibika. Kama liliharibika, umejuaje kuhusu kona ya pili? Beji nilivalishwa pale pale uwanjani, mbio zilipokwisha, na siku hiyo tu. Ulisimama nje ya uzio ukatazama hadi mwisho. Mtu aliyefanyiwa vile angeondoka. Wewe ulibaki kumtazama duma.

Wacha niseme mwenyewe, maana usiposikia kutoka kwangu nitakuwa nimekufanyia mara mbili. Nilikuona. Tulikuwa tumesimama karibu na geti, mimi na mkurugenzi na wageni wake, nikasikia sauti yako kabla sijakuona, kwa sababu sauti yako, Mjomba, ilisikika hadi kwa nyani. Ulikuwa unamwambia mlinzi, "Mwambieni mpwa wangu mjomba wake kafika." Ulikuwa umevaa koti la fundi cherehani. Mabega yake yalikufika kwenye viwiko. Na mkono wa kushoto ulikuwa umevaa glavu ya ngozi, na juu ya glavu hapakuwa na kitu.

Ulitekeleza kila nililoagiza. Koti ulibadilisha. Nilitazama lile koti nikaona aibu ya koti, halafu nikatazama glavu nikaona aibu ya glavu. Wageni wakageuka. Mkurugenzi akaniuliza, "Huyo ndiye mwenye kozi?"

Nikasema, "Hapana, simjui. Wapo wengi wanaotaka kuingia bure."

Nilisema hivyo. Sikuyumba wala sikutafuta neno. Lilitoka kama lilikuwa tayari mdomoni. Kisha nikampungia mlinzi mkono, nikaenda kumtoa Bibi Harusi ndani, na nikaongea kwenye kipaza sauti vizuri kuliko siku zote. Niliwaambia watu kozi amepatwa na maradhi. Wakasema pole. Wakapiga makofi.

Jioni mama aliniuliza umefika saa ngapi uwanjani, maana chakula kiko tayari. Nikamwambia hukutokea. Sahani yako ilikaa mezani imefunikwa hadi asubuhi, na asubuhi mama akaila mwenyewe ikiwa baridi, hakutaka itupwe.

Na kuna hili. Wewe umeandika kwamba wazo la nyama lilikuwa lako. Mjomba, nina akili zangu. Ni mimi niliyekuandikia umnenepeshe, kwa sababu mhasibu alisema kuku. Ulijua atapotea. Ulijua kuliko mtu yeyote, ukafanya kwa sababu nimeomba. Halafu nikakuita mwoga kwa barua, na nikakukana kwa mdomo. Sijui mtu anaanzia wapi kuomba radhi kwa mambo matatu yaliyofungwa kamba moja.

Juzi nilimwendea mkurugenzi. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, hata beji nilikuwa nimelivua nimelishika mkononi. Nikamwambia yule mzee wa getini alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama yangu, aliyenilea. Unajua alijibu nini? Aliinua macho kwenye karatasi zake akasema, "Kumbe? Si ungemwingiza tu, viti vilikuwepo." Akaendelea kuandika. Ningelia, lakini hakukuwa na mahali pa kulilia mle ofisini.

Mama nimemwambia vilevile. Aliniacha nimalize, akasimama, akaenda kutandika kitanda changu ambacho kilikuwa kimetandikwa. Tangu siku hiyo ananisemesha yale ya lazima tu, kama chumvi iko wapi.

Jumamosi iliyopita nimewaambia wageni kwamba duma ndiye mwenye mbio kuliko wote wanaokanyaga ardhi, lakini kozi akikunja mabawa anamwacha mbali, na jiwe si mfano mzuri, kwa kuwa jiwe halikati kona. Nilimtafuta yule mama mwenye miwani kwenye viti. Hakuwepo. Bibi Harusi alilala ubavu anahema, nikamtazama uso na ile mistari yake, nikakumbuka uliyosema kuhusu watoto wasionawa.

Nina faraja moja ndogo, na najua ni ya kipumbavu. Masikio yako. Ulikuwa mbali, na mimi sikupaza sauti. Najiambia labda uliona tu nimeongea, hukujua nimesema nini. Kama hukusikia, basi sasa umesoma, na ni juu yako.

Sitakuuliza kama naweza kuja. Sina uso wa kuuliza.

Mpwa wako, kama bado

27 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba.

Dada yangu mwambie akusemeshe, nimesema mimi. Akikataa, mkumbushe nani alivunja redio ya baba na nani alichapwa kwa ajili hiyo. Mkazamjomba anasalimu, sweta ya pili imekwisha, na ni kubwa, hutakuwa na kisingizio.

Usijidanganye na masikio yangu. Nilikwambia namsoma midomo yule bwana wa mnarani kupitia kioo, tena yeye ana masharubu. Wewe huna masharubu na hukuwa nyuma ya kioo. Nilisoma neno kwa neno, hadi hilo la kuingia bure.

Iliniuma. Ingekuwa haikuniuma ningekwambia, nisingekuandikia uongo wa basi. Nilirudi na lile koti nimelikunja kwapani, nikamwambia fundi cherehani watu wamelisifu. Nilidanganya kwa sababu nilimwonea haya mtu aliyeniazima, na kwako nilidanganya kwa sababu nilikuonea haya wewe. Nilifikiri nikisema sikufika, basi na wewe utakuwa hukusema. Mambo ya kizee.

Kuhusu nyama, uliomba, lakini mizani ilikuwa mbele ya macho yangu, haikuwa mbele ya yako. Hapo tugawane, usichukue yote.

Karani hajaonekana. Kuna siku nasimama getini naona nukta huko juu, nainua mkono wa kushoto bila kufikiri, halafu ni mwewe tu. Madereva wanaopita wanadhani nawasimamisha.

Basi la asubuhi Jumapili linapita hapa kwetu adhuhuri. Nitakuwa getini, na nitamwambia kila mtu, kwa sauti yangu ile ile, kwamba mpwa wangu anakuja. Chakula kitakuwepo. Njoo, na usile njiani.

Mjomba wako